Madoa ya Magome: Kuzitambua Likeni za Miti ya Masisi na Walikale

Likeni, ambayo vitabu vingine huiita kuvumwani, ni kuvu inayoishi mwili mmoja na mwani, au na bakteria za rangi ya buluu-kijani zenye uwezo wa kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kuvu hujenga mwili, hushika maji na kukinga jua kali. Mwenzake hutoa sukari. Mwanabotania wa Uswisi, Simon Schwendener, alipoeleza jambo hilo mwishoni mwa miaka ya 1860, mabingwa wengi wa likeni wa wakati wake walimpinga vikali, na William Nylander, aliyekuwa na sifa kuliko wote, hakulikubali mpaka alipofariki mwaka 1899. Leo halibishaniwi tena. Mwaka 2016 utafiti ulioongozwa na Toby Spribille ulionyesha kwamba likeni nyingi hubeba hata chachu ndani ya ngozi yao ya juu, kwa hiyo wapangaji wa nyumba hiyo ni zaidi ya wawili. Jina la kisayansi la likeni, hata hivyo, ni jina la kuvu yake kubwa. Spishi zinazojulikana duniani zinakaribia 20,000.

Likeni ya gome haina mizizi na hainyonyi utomvu. Mti kwake ni mahali pa kushikilia tu: maji huyapata kwa mvua, umande na ukungu, na madini huyapata kwa vumbi na kwa maji yanayoteremka shinani. Mkulima anayeona mikahawa mizee imejaa likeni hudhani ndizo zilizoidhoofisha. Mara nyingi mambo yamekwenda kinyume: mkahawa umedhoofika kwanza, majani yamepungua, mwanga umefika kwenye matawi, na likeni zimepata nafasi. Kuzikwangua hakumponyeshi mgonjwa huyo.

Kabla ya kutafuta jina, inafaa kuhakikisha kwamba kinachotazamwa ni likeni kweli. Katika msitu wa bonde, kama ule wa Walikale, mashariki mwa Kongo, kosa la kawaida ni kuidhani likeni kuwa rangi ya mti wenyewe. Mabaka meupe, ya kijivu, ya kijani kilichopauka, hata ya waridi, yanayofunika shina kutoka chini hadi juu, kwa kawaida ni likeni nyembamba zilizobana gome. Jaribio lake ni jepesi. Baka hulowanishwa kwa tone la maji, kisha hukwaruzwa kidogo sana kwa ukucha. Chini kidogo tu ya ngozi ya juu hutokea utando wa kijani kibichi au wa manjano inayoelekea machungwa: huo ndio mwani. Mkwaruzo usizidi, kwa maana magome mengi machanga nayo yana kijani chake ndani zaidi, chini ya tabaka kavu la nje, na mwenye haraka huchanganya vitu hivyo viwili.

Majirani wengine wa gome hutengwa kwa urahisi. Briofiti, ile mimea midogo laini inayofunika mashina yenye unyevu, ina vijani halisi ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, na ukijani wake umeenea mwili mzima. Kuvu za kawaida hazina utando wa mwani ndani. Unga wa rangi ya machungwa unaofutika kwa kidole ni mwani wa jenasi Trentepohlia unaoishi peke yake. Jamaa zake ndio waliofungwa ndani ya likeni nyingi za msitu wa joto, na ndiyo sababu mkwaruzo wa likeni hizo hutoa umanjano badala ya kijani.

Baada ya hapo huja umbo. Likeni za ukoko zimegandamana na gome kiasi kwamba haziwezi kubanduliwa bila kung'oa kipande cha gome pamoja nazo. Likeni za majani zina ncha bapa, zenye upande wa juu na wa chini tofauti, na kisu hupenya chini yake. Likeni za kichaka hushikilia mti kwa sehemu moja ndogo, kisha husimama au huning'inia. Yako maumbo ya katikati, lakini hayo matatu humfikisha mwanafunzi mbali.

Barabara itokayo Goma kupitia Sake na Masisi hadi Walikale inayaonyesha yote matatu, kwa mpangilio wa mwinuko. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari; vilima vya Masisi hupanda kupita mita 2,000; kisha ardhi huteremka kuelekea magharibi hadi msitu wa bonde wa Walikale, chini ya mita 1,000. Kwenye baridi na ukungu wa vilima, likeni za majani na za kichaka hutawala. Kwenye joto na kivuli cha bonde, ukoko huchukua karibu shina zima. Sababu yake ni hesabu ya chakula: usiku wenye joto na unyevu likeni hupumua kwa kasi na kutumia sukari yake, na mchana kivuli kizito hakimruhusu mwani kuirudisha. Mwili mkubwa hauwezi kulishwa hivyo.

Masisi imepoteza sehemu kubwa ya misitu yake kwa malisho ya ng'ombe na mashamba, lakini miti iliyobaki kwenye mabonde, pembeni mwa malisho na kwenye nyua bado ni darasa zuri. Inayoonekana mapema ni Usnea, ndevu za kijani-manjano zinazoning'inia matawini. Alama yake haikosei: tawi lililolowa likivutwa polepole, ngozi ya nje hukatika na ndani hubaki uzi mweupe unaonyumbuka. Ramalina huweza kufanana nayo kwa mbali, ila matawi yake ni bapa na hayana uzi huo. Teloschistes ni ya machungwa yenye kung'aa, hupenda vitawi vilivyo wazi kwa jua.

Kati ya zile za majani, Parmotrema ina ncha pana za kijivu, chini ni nyeusi na ukingoni kahawia isiyo na vijizizi, zile nyuzi za kushikilia gome. Spishi nyingi huota vinywele vyeusi pembeni. Heterodermia ni nyembamba na nyeupe zaidi. Leptogium ikiwa kavu ni karatasi ya kijivu-buluu, ikilowa huvimba na kuteleza kama ute wa bamia, kwa sababu mwenzake ni bakteria Nostoc. Sticta hutambuliwa kwa kuigeuza: upande wa chini una vishimo vya duara vyenye ukingo safi, na baadhi ya spishi zikilowa hunuka samaki. Pseudocyphellaria ina vitundu pia, vyeupe au vya manjano, lakini havina ukingo.

Kwa kundi hili msomaji ana msaada. Mwaka 1988 Dougal Swinscow na Hildur Krog walichapisha kitabu kikubwa cha likeni za majani na za kichaka za Afrika Mashariki. Krog alikuwa mtaalamu wa Oslo. Swinscow alikuwa daktari na mhariri wa jarida la tiba la Uingereza, na wanafunzi wengi wa udaktari wanamjua kwa kitabu chake cha takwimu kuliko kwa likeni. Kazi yao ilihusu nchi kama Kenya, Uganda na Tanzania, lakini jenasi za milima hazijali mpaka, na ufunguo wao husaidia sana upande huu wa Kivu. Emmanuël Sérusiaux wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, naye alichunguza likeni za Afrika ya Kati, hasa zile ndogo zinazoota juu ya majani ya miti.

Ukishuka Walikale, msaada wa kitabu cha 1988 unafifia, maana kimeacha likeni za ukoko. Hapa kazi ya kweli ni kueleza, na jina hufuata baadaye, likipatikana. Maelezo mazuri huanza na mti. Parasolie, Musanga cecropioides, huota haraka kwenye mashamba yaliyoachwa na haudumu zaidi ya miaka 20 hivi. Gome lake laini la kijivu hupokea likeni za awali tu. Mti wa msitu mkongwe umekuwa na muda wa kukusanya nyingi zaidi, na hata ndani ya mti mmoja kitako chenye unyevu, shina la kati na matawi ya juu yenye jua vina wakazi tofauti. Mwenye kuchunguza mashina ya chini peke yake hajauona nusu ya mti. Mti ulioangushwa na dhoruba ni bahati yake. Magome yanayobanduka, kama ya mikaratusi mingi, hayatunzi likeni, kwa sababu likeni nyingi huongezeka milimita chache tu kwa mwaka, nyingine hata chini ya milimita moja, na gome hudondoka kabla hazijakua.

Kisha huandikwa mwili wenyewe: rangi ukiwa mkavu na ukiwa umelowa, ung'avu, nyufa, ukingo. Mstari mweusi kati ya mabaka mawili ni mpaka wa likeni mbili zilizokutana, na ni alama ya thamani. Baadaye hutazamwa viungo vya uzazi, na hapa kioo cha kukuza mara kumi hakina mbadala. Jenasi Graphis ina mistari mifupi myeusi, iliyopinda na kugawanyika, mithili ya maandishi yaliyoandikwa kwa wino. Pyrenula ina vidoto vyeusi, kila kimoja na tundu juu, kwenye ukoko wa kahawia au kijani-mzeituni. Jamaa za Thelotrema zina matundu yaliyozungukwa na ukingo, Lecanora visahani vyenye ukingo wa rangi ya mwili. Likeni nyingine hazina chochote cha hayo. Huzaana kwa unga unaotoka kwenye nyufa, kila chembe ikiwa na nyuzi za kuvu na seli za mwani pamoja, au kwa vijiti vidogo vinavyovunjika na kupeperushwa. Unga au vijiti, na vinatokea wapi, katikati au pembeni: swali hilo peke yake hutenganisha spishi nyingi za Parmotrema.

Nylander, yuleyule aliyemkataa Schwendener, ndiye aliyeanzisha mwaka 1866 majaribio ya kemikali yanayotumika hadi sasa. Tone la hidroksidi ya potasiamu hugeuza Teloschistes ya machungwa kuwa zambarau, na huufanya moyo mweupe wa Parmotrema kadhaa kuwa manjano kisha mwekundu. Maji ya javeli, ileile ya kufulia, huleta wekundu kwenye nyingine. Sharti chupa iwe mpya, kwani javeli iliyokaa haifanyi kazi na humdanganya mtu. Taa ya urujuanimno, ya aina inayotumika kukagua noti, huzifanya baadhi ya likeni za ukoko za nchi za joto zing'ae manjano. Kwa ukoko, bado itabidi hadubini: kipande kilichokatwa kwa wembe, tone la maji, na kuangalia mbegu za kuvu. Za Graphis ni ndefu, zisizo na rangi, zenye vyumba vingi. Za Pyrenula ni kahawia.

Ujuzi huu uliwahi kuwa na kazi ya biashara. Miaka ya 1820 mfamasia Mfaransa Antoine Fée alichapisha mjini Paris utafiti wa likeni na kuvu zilizokuwa juu ya magome ya dawa yaliyotoka nchi za mbali, hasa ya kwinini, akiona kwamba zinaweza kusaidia kutambua gome lilitoka kwenye mti gani. Spishi nyingi za ukoko wa tropiki zilielezwa mara ya kwanza kutoka kwenye vipande hivyo vya dukani. Mkwinini wenyewe, asili yake Amerika Kusini, baadaye ulipandwa sana Kivu.

Mwaka huohuo wa 1866 Nylander aliandika pia kwamba bustani ya Luxembourg mjini Paris ilikuwa na likeni ambazo sehemu nyingine za mji hazina, akahusisha jambo hilo na usafi wa hewa. Mwaka 1970 David Hawksworth na Francis Rose walitoa nchini Uingereza kipimo cha ngazi kumi cha kukadiria dioksidi ya salfa kwa kutazama likeni za magome. Kivu ina chanzo chake cha gesi hiyo: volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira, ambazo moshi wake husukumwa mara nyingi na upepo kuelekea magharibi, juu ya Sake na Masisi. Usnea kubwa na likeni zenye Nostoc huathirika kwa salfa mapema. Ukoko huvumilia zaidi. Lakini kipimo cha Uingereza hakiwezi kuhamishiwa Masisi kikiwa vilevile, kwa kuwa mti uliokosa ndevu unaweza kuwa umezikosa kwa uchanga wake, kwa aina ya gome, au kwa sababu msitu uliouletea unyevu umefyekwa. Kulinganisha kunafaa tu kati ya miti ya aina moja, umri wa karibu na mwinuko mmoja. Wakati huohuo lava ya Nyamulagira, iliyo karibu zaidi na moshi, huvikwa likeni ya kijivu Stereocaulon vulcani, jambo linaloonyesha kwamba si kila likeni hukimbia volkeno.

Sampuli ya ukoko huchukuliwa na kipande chembamba cha gome, bila kufika kwenye mbao hai. Ya majani hulowanishwa kwanza ili isivunjike. Huwekwa kwenye bahasha ya karatasi na kukaushwa kivulini, kamwe si kwenye mfuko wa plastiki, ambamo ukungu huila kwa siku chache. Juu ya bahasha huandikwa kijiji, mwinuko, tarehe, jina la mti, urefu kutoka ardhini, upande wa shina na kiasi cha mwanga, pamoja na rangi ilivyokuwa mbichi, kwa kuwa hubadilika kabatini. Ndani ya hifadhi za Maiko na Kahuzi-Biega, ambazo sehemu zake ziko Walikale, kibali cha ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa mazingira, kinahitajika. Ikikaushwa vizuri, likeni huhifadhika zaidi ya miaka mia: nyingi za Kongo ziko kwenye bustani ya mimea ya Meise, Ubelgiji, na kwa upande wa Kivu kituo cha utafiti cha Lwiro kina makusanyo ya mimea ambayo bahasha mpya inaweza kulinganishwa nayo.