Gari la Umma na Hesabu ya Barabarani

Mazungumzo yetu ya leo yahusu motokaa za Serikali na za mashirika ya umma, na mwendo wake zipitapo mbele ya milango yetu.

Chuo chetu cha ualimu kimejengwa kando ya barabara kuu, na ng'ambo ya barabara iko shule ya msingi ambamo wanachuo wetu hujizoeza kufundisha. Asubuhi moja ya masika mtoto wa darasa la tatu alikuwa akivuka kuelekea shuleni, daftari lake amelificha ndani ya shati lisilowe mvua. Ikaja motokaa kubwa ya ofisi moja ya umma, katika aina ile ambayo watu wa mjini huiita shangingi, nayo haikupunguza mwendo penye kibao cha shule. Ikampiga mtoto mguuni ikamtupa mtaroni. Gari likasimama mbali kidogo, mlango ukafunguliwa, mtu akachungulia, mlango ukafungwa, likaenda zake.

Sisi sote tulimkimbilia mtoto, na ndivyo ilivyopasa. Msichana mmoja tu wa darasa la sita ndiye aliyetazama upande wa pili. Alikuwa na kalamu mkononi, akaiandika namba ya gari kiganjani mwake. Mambo yote tutakayoyaeleza hapa yalitoka katika kiganja kile.

Dereva alipopatikana jioni yake, aliwaambia polisi kwamba mtoto alitokea ghafla. Neno hili "ghafla" twalisikia katika kila ajali, basi yafaa tulipime kwa hesabu, nanyi wanafunzi mwaweza kuirudia ubaoni. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata karibu meta 14 katika sekunde moja. Liendalo kilomita 100 hukata karibu meta 28. Sasa, mtu aonapo hatari, mguu wake hauwi juu ya breki papo hapo. Jicho huona, akili huamua, ndipo mguu utembee, na kwa dereva mzima asiyelewa wala kusinzia hiyo ni kama sekunde moja. Katika sekunde ile gari laendelea kama kwamba hakuna aliyeona kitu. Kisha breki zaanza kazi, na hapo mwendo ukizidi mara 2, umbali wa kusimama kwa breki huzidi mara 4, si mara 2. Juu ya lami kavu, kwa matairi mazuri, gari la kilomita 50 lahitaji kama meta 14 za breki. La kilomita 100 lahitaji kama meta 55.

Jumlisheni. Wa kwanza husimama baada ya meta 28 hivi. Wa pili husimama baada ya meta 83. Lakini tazameni jambo la ajabu: mahali pale pale ambapo gari la kwanza limekwisha kusimama kabisa, yaani meta 28, dereva wa pili ndiyo kwanza mguu wake wagusa breki. Mtoto aliyesimama hapo angetazamana na gari la kwanza likiwa limetulia, na angepigwa na la pili likiwa katika mwendo wake wote. Mtoto ni yule yule, na amevuka wakati ule ule. Basi huo "ughafla" haukutoka kwa mtoto. Na asubuhi ile ilikuwa ya mvua, ambapo hizo meta huongezeka, na kwenye barabara ya changarawe huongezeka zaidi.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo ndiyo itumikayo Tanzania Bara, imeweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika sehemu zenye makazi ya watu. Sheria haikusema kwamba gari lenye namba ianzayo kwa ST, ambalo ni la Serikali, au SM la serikali za mitaa, au SU la shirika la umma, lina mwendo wake mwingine. Iko ruhusa kwa magari ya zimamoto, ya wagonjwa na ya polisi, nayo hutumika yanapokwenda kwenye dharura ya kweli, na hata hapo dereva haondolewi wajibu wa kuwaangalia watu walioko njiani. Afisa aliyechelewa mkutano hazimi moto wala hachukui mgonjwa. Tumekwisha kuona magari yaliyotiwa taa za kumulikamulika na ving'ora ambayo ndani yake hamna ila mtu na mkoba wake.

Wengi hudhani dereva wa umma hukimbia kwa kiburi chake tu. Sisi twaona habari yenyewe ina sehemu mbili zaidi. Kwanza, askari wa barabarani mwenye cheo kidogo husita kulisimamisha gari ambalo hajui ni nani aliyekaa kiti cha nyuma. Dereva wa basi anajua kwamba mbele kuna askari mwenye tochi, maana ndivyo watu waitavyo kile chombo cha kupimia mwendo, naye hupunguza. Dereva wa mkubwa hana hofu hiyo, na mtu asiyekamatwa mwaka wa kwanza wala wa pili husahau kwamba sheria ilimhusu. Pili, aghalabu amri hutoka nyuma. Mkubwa atazama saa yake, asema, "Kanyaga, bwana, tumechelewa." Dereva akikataa ataogopa kupewa barua, akitii na kuua, ni yeye apandaye kizimbani.

Juu ya jambo hili sheria ni wazi kuliko watu wadhanivyo. Amri ya mkubwa haimwokoi dereva, kwani hakuna mwajiri awezaye kumpa mtu ruhusa ya kuvunja sheria. Wala mkubwa mwenyewe hakusalimika: Kanuni ya Adhabu husema kwamba mtu amsaidiaye, amshauriye au amshawishiye mwenziwe kutenda kosa, naye ahesabiwa kuwa mtendaji wa kosa lile. Kwa hiyo neno "kanyaga" laweza kumweka aliyelisema kando ya dereva wake mbele ya hakimu. Ni mara chache kuona likifuatwa hivyo. Si kwamba sheria imepungua; ni kwamba mashahidi wa maneno ya ndani ya gari ni wawili tu, nao wote wala mkate mmoja.

Tulipokwenda kumwona mtoto hospitali tulimkuta baba yake, mkulima wa mpunga, amekaa ukumbini na kofia yake magotini. Akatuuliza, "Mwalimu, Serikali yashtakiwaje? Mahakama si yake, na polisi si wake?"

Tukamwambia, "Mzee wangu, swali lako ni la zamani, na wafalme wameliulizwa."

Na ndivyo lilivyo. Uingereza kwa karne nyingi palikuwa na kanuni kwamba Mfalme hawezi kukosa. Na kwa kuwa Serikali ni ya Mfalme, mtu aliyegongwa na gari la Serikali hakuweza kuidai Serikali fidia kama adaivyo tajiri wa gari jingine. Alimdai dereva peke yake, mtu wa mshahara mdogo, akingoja Serikali imlipie kwa hisani yake. Kanuni hiyo ilivunjwa kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1947 na kuanza kutumika Januari 1948, ambayo iliifanya Serikali ijibu makosa ya watumishi wake yatendwayo katika kazi, kama ajibuvyo mwajiri yeyote.

Kwetu Tanzania iko Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ya mwaka 1967, nayo pia yakubali kwamba Serikali huweza kushtakiwa kwa kosa la mtumishi wake. Lakini kwa miaka mingi palikuwa na kizuizi mlangoni: mtu hakuweza kuishtaki Serikali ila apate kwanza ridhaa ya Serikali yenyewe. Ni kama mtu amwombaye jirani ruhusa ya kumpeleka jirani huyo huyo kwa mjumbe. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, ilikikata kizuizi hicho, ikasema hakipatani na Katiba, kwa maana chamnyima mtu haki ya kusikilizwa. Mwaka uliofuata, 1994, sheria ilibadilishwa. Tangu hapo ridhaa haihitajiwi. Yahitajiwa taarifa ya maandishi ya siku 90, na nakala yake kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ndipo shauri lifunguliwe, nalo hupelekwa Mahakama Kuu. Mwaka 2020 ikaongezwa kwamba Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe katika mashauri kama hayo, hata yale ya halmashauri na mashirika ya umma.

Hatusemi kwamba njia hiyo ni nyepesi. Mahakama Kuu haiko kila wilaya, na mkulima wa mpunga hana nauli ya kwenda na kurudi. Twadhani ingekuwa haki zaidi kama madai madogo ya mguu uliovunjika yangesikilizwa karibu na mahali mguu ulipovunjikia. Lakini njia iko, na ina mwisho wake: madai ya madhara ya namna hii hufungwa baada ya miaka 3. Mtu akikaa nyumbani akingoja ofisi ije yenyewe kumpa pole, muda humpita.

Yafaa pia kutenganisha hesabu tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kati ya dereva na sheria ya makosa: polisi humshtaki kwa kuendesha kwa hatari, au kwa kusababisha madhara au kifo, naye huweza kutozwa faini, kufungwa, na kunyang'anywa leseni. Ya pili ni kati yake na mwajiri wake, kwa mujibu wa Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002. Hii huishia ofisini, na mara nyingi hatusikii ilikoishia. Ya tatu ni fidia ya aliyeumia. Kulipwa faini mahakamani si kulipwa fidia, kwa kuwa faini huingia hazina. Yule baba alipoambiwa kwamba dereva "amekwisha kulipa", alidhani amelipwa yeye, akashangaa mbona hakuona kitu.

Na hesabu zote tatu zahitaji ushahidi, ambao hukusanywa na watu wa kijijini katika saa ya kwanza. Namba ya gari, saa, mahali hasa, upande lilikotoka na lilikokwenda. Majina ya walioona, si mmoja. Alama za matairi zisifutwe kabla askari hajazipima, maana urefu wake humweleza mjuzi mwendo wa gari. Aliyeumia apewe fomu ya polisi iitwayo PF3, na baba mtu aweke stakabadhi zote za dawa na nauli mahali pakavu. Namba za magari zenyewe zilibuniwa kwa ajili hii: Waingereza walipoziamuru kwa sheria ya mwaka 1903, walitaka hata mpita njia asiyemjua tajiri wa gari aweze kumtaja.

Jambo jingine tulisemalo kwa uchungu ni juu ya kupiga dereva na kuchoma gari. Sheria yamtaka dereva asimame, amsaidie aliyeumia, aseme jina lake, na atoe habari polisi. Madereva wengi wakimbiapo husema kwamba waliogopa kuuawa, na katika vijiji vingine hawasemi uwongo. Kijiji kinachopiga humpa mkosaji udhuru mzuri mbele ya hakimu, na chenyewe hugeuka mkosaji. Zaidi ya hayo, gari lililochomwa halikaguliki breki zake.

Msidhani kwamba hayo ni ya kwetu tu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba barabara zaua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Na kwa kulinganisha idadi ya watu, Afrika ndiyo ifayo zaidi, ijapokuwa magari yake ni machache. Wala walio ndani ya magari ya Serikali hawakuachwa. Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya motokaa karibu na Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, na nchi nzima ilimlilia.

Tulimuuliza yule msichana ni nani aliyemfundisha kuandika namba. Akajibu kwamba mwalimu wao wa hesabu huwatuma wakati wa mapumziko wakaandike namba za magari yapitayo, kisha wazijumlishe darasani. Alitoa ushahidi wake mahakamani bila kutetemeka, na dereva alitiwa hatiani. Barua ya taarifa kwa Serikali tuliiandika pamoja na baba wa mtoto, mezani petu, yeye akitaja na sisi tukiandika. Siku 90 zimekwisha, shauri limefunguliwa, nalo halijasikilizwa. Mtoto amerudi darasani. Mguu mmoja umepona mfupi kidogo kuliko mwenziwe, na daktari amesema aletwe tena baada ya miaka 2 atazamwe.