SARAFU YA KALE SI SUFURIA, USIISUGUE

Ndugu msomaji, huenda siku moja ukawa unalima au unachimba msingi wa nyumba. Mara unaona kitu kidogo cha duara. Ni sarafu ya kale. Ina rangi ya kijani na maandishi yake hayasomeki vizuri. Je, utafanya nini? Watu wengi huchukua mchanga, jivu au ndimu, wakaisugua mpaka ing'are. Hapo ndipo thamani yake inapopotea.

Sarafu za kwetu

Pwani yetu ina sarafu za kale. Watawala wa Kilwa walikuwa na sarafu zao za shaba kabla Wareno hawajauteka mji huo mwaka 1505. Upande mmoja uliandikwa jina la mtawala kwa Kiarabu. Upande wa pili uliandikwa maneno ya kumtegemea Mungu. Maneno ya pande hizo mbili yalikuwa na vina. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 wataalamu walifukua sarafu zaidi ya 2,000. Nyingi zilikuwa ndogo, za fedha.

Kasoro si zote sawa

Kasoro ya kwanza ni kuchakaa. Sarafu iliyopita katika mikono mingi hulika. Jina likisomeka bado, sarafu ina thamani nzuri. Jina likifutika, thamani hushuka.

Kasoro ya pili hutoka kwa fundi. Zamani sarafu nyingi ziligongwa kwa nyundo, moja moja. Nyundo ikienda upande, nusu ya maandishi hukosekana. Hili si kosa la aliyeiokota.

Kasoro ya tatu ni tundu. Watu wengine walitoboa sarafu ili waivae shingoni. Wanaokusanya sarafu hupunguza bei sana wakiona tundu. Lakini kwa mwanahistoria, tundu linaeleza kuwa sarafu ile iligeuzwa pambo.

Kasoro ya nne ni mikwaruzo ya kusugua. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu tunaileta sisi wenyewe. Haieleze habari yoyote ya kale, tena haiponi.

Utando wa kijani

Shaba ikikaa ardhini miaka mingi hufanya utando mgumu wa kijani. Utando huo ni kama ganda la yai. Unalinda kilichomo ndani. Mara nyingi maandishi yenyewe yamo katika utando huo. Ukiukwangua, umekwangua na jina la mtawala.

Lakini ukiona unga wa kijani unaopukutika, huo ni ugonjwa wa shaba. Huletwa na chumvi na unyevu. Iweke sarafu hiyo mahali pakavu, mbali na nyingine. Kuitibu ni kazi ya mtaalamu.

Kumbuka mahali

Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 9 katika mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake. Tano zilikuwa za Kilwa! Askari huyo alitia alama kwenye ramani kuonyesha mahali alipoziokota. Kwa hiyo mwaka 2013 watafiti waliweza kwenda huko kutafuta habari zaidi. Sarafu isiyojulikana ilikotoka ni kama barua iliyochanika nusu.

Ukiokota sarafu ya kale

1. Usiisugue, usiikunje, usiitoboe.
2. Ifunge kwa karatasi au kitambaa kikavu.
3. Andika mahali ulipoiokota na tarehe.
4. Usiendelee kuchimba.
5. Usikimbilie kuiuza. Toa habari kwa uongozi wa kijiji, ili ofisi ya Mambo ya Kale ijulishwe.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Sarafu hiyo nayo ni maandishi. Usiyafute kabla hayajasomwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini utando wa kijani usikwanguliwe?
2. Je, kijijini kwenu kuna magofu au vitu vya kale? Nani anavitunza?