Mfanyakazi Mwenye Mimba Ya Pacha: Haki Yake Na Ihsani Ya Mwajiri

Himdi zote anastahiki Allaah, na Swalah na Salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), aali zake na Swahaba zake. Ama ba'ad:

Waajiri huuliza: mfanyakazi wangu ana mimba ya pacha, je, nina wajibu wowote zaidi ya niliouzoea? Jibu lina sehemu mbili zisizopasa kuchanganywa. Ipo haki, nayo ni deni. Na ipo ihsani, nayo ni fadhila. Mwenye kutoa fadhila huku amezuia deni bado anadaiwa.

Katika Suuratul-Ahqaaf, Aayah ya 15, Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) anatukumbusha taabu ya mama katika kubeba mimba na kuzaa. Mwenye pacha taabu yake huzidi. Damu humpungua kwa wepesi, hatari ya shinikizo la damu na kifafa cha mimba huongezeka, na huhitajika kliniki mara nyingi zaidi. Pacha wengi huzaliwa kabla ya wiki ya 37, na wakiwa watatu huwa mapema zaidi.

Haki

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Inakataza kumpa mja mzito kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto, na inampa anayenyonyesha hadi saa 2 katika siku ya kazi. Huku Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Nam. 11 ya mwaka 2005, na asiyejua viwango vyake aiulize Kamisheni ya Kazi.

Siku hizi zimo ndani ya mkataba hata kama hazikuandikwa, na mwanzo wa Suuratul-Maaidah tumeamrishwa kutimiza mikataba. Kwa hiyo mshahara wa likizo ni deni. Haijuzu kuuzuia kisha kumpelekea mzazi bahasha na kuiita Zakaah au sadaka, kwani Zakaah hailipi deni la mtoaji mwenyewe. Kumshawishi aache kazi "kwa hiari" kwa sababu ya mimba ni dhulma. Na Allaah akimchukua mmoja wa watoto, mwajiri asikimbilie kupunguza siku. Mama amezaa wawili, na sasa ana msiba juu ya uzazi.

Hesabu ya tarehe

Sheria ya Bara inaruhusu likizo kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio. Tarehe hiyo huhesabiwa kwa wiki 40, basi wiki 4 kabla yake ni wiki ya 36, na huenda pacha wakawa wameshafika! Daktari akithibitisha haja, sheria inaruhusu kuanza mapema. Mwajiri akae na mfanyakazi wake tangu mwezi wa tano wa mimba, wapange nani atashika kazi yake.

Ihsani

Katika Hadiyth ya Abuu Dharr (Radhwiya Allaahu 'anhu) iliyomo katika Al-Bukhaariy na Muslim, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alikataza kuwatwisha walio chini yetu wasiloliweza, na tukiwatwisha tuwasaidie. Maneno hayo yalihusu watumwa. Aliye huru na akaajiriwa anastahiki zaidi.

Basi mhudumu wa hoteli apumzishwe kubeba ndoo na kugeuza magodoro, apewe kukunja mashuka. Muuza duka apewe kiti. Mwalimu wa madrasa afundishe darasa la chini akiwa amekaa, kwani kamati ya madrasa nayo ni mwajiri. Wenzake wanaobeba kazi yake walipwe ziada, wasije wakamchukia.

Watoto wakizaliwa njiti, huenda likizo ikaishia wodini. Mwenye uwezo aongeze siku, au amruhusu arudi kwa nusu siku. Anayenyonyesha wawili apewe chumba safi cha kukamua maziwa, si chooni. Na baba asisahauliwe: sheria ya Bara inampa siku zisizopungua 3, ambazo hazitoshi nyumba yenye vichanga wawili. Aondolewe zamu za usiku kwa muda.

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alikuwa akiifupisha Swalah anaposikia kilio cha mtoto, kwa kumhurumia mama yake. Ikiwa Swalah ya jamaa ilifupishwa, basi na kikao cha ofisini kinaweza kungoja.

Tunamuomba Allaah awasalimishe mama zetu na watoto wao, na azibariki riziki za wanaowafanyia wema.

Wa Allaahu A'lam.