Shahada ya Uzamili ukiwa kazini Rungwa: Yapi ya kupima kabla ya kujisajili

Na Mwandishi Wetu, Singida

TEMBO anapoingia katika shamba la mahindi pembezoni mwa Pori la Akiba Rungwa, tukio hilo moja hugusa meza kadhaa za Serikali. Askari wa uhifadhi humrudisha mnyama porini, ofisa kilimo hukadiria hasara, mtendaji wa kijiji hupokea malalamiko, na ofisa wanyamapori hushughulikia madai ya kifuta jasho kwa mujibu wa Kanuni za mwaka 2011. Kila mmoja wao alisomea fani yake, ilhali tatizo lenyewe halifuati mipaka ya fani.

Hapo ndipo shahada za uzamili za taaluma mtambuka zinapopata maana. Mfano ulio karibu ni uzio wa mizinga ya nyuki. Watafiti nchini Kenya walionesha kuwa tembo hukwepa nyuki, na mbinu ya kuzungushia mashamba mizinga imefika pia Tanzania. Anayetaka kujua iwapo uzio huo utawafaa wakulima wa Rungwa hana budi kufahamu tabia ya tembo, ufugaji nyuki, bei ya asali sokoni, na namna wanakijiji watakavyogawana kazi ya kuitunza mizinga.

Kwa mtumishi wa Rungwa, swali linalofuata ni asome wapi. Kijiji hicho kipo katika Halmashauri ya Wilaya ya Itigi, kwenye njia panda ya barabara zitokazo Itigi na Ipole mkoani Tabora kuelekea Makongolosi na Mbeya. Vyuo kadhaa nchini hutoa masomo ya jioni kwa wafanyakazi, lakini utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya mkazi wa mjini. Kipindi cha jioni Dodoma au Mbeya hakimsaidii mtu anayetoka doria Rungwa. Kusoma muda wote chuoni nako kunahitaji ruhusa ya masomo, na kituo chenye watumishi wachache hakiwezi kuitoa kirahisi.

Njia inayobaki ni elimu huria na masafa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 kwa lengo hilohilo, na kina vituo mikoani, kikiwemo cha Singida. Mwanafunzi husoma akiwa kwenye kituo chake cha kazi. Mawazo ya chuo cha namna hiyo si mageni: Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa masafa mwaka 1946, na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1969.

Elimu ya masafa humwondolea mwanafunzi safari nyingi. Saa za kusoma haizipunguzi. Kwa Mwongozo wa Tuzo za Vyuo Vikuu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya uzamili huhitaji krediti zisizopungua 180, na kila krediti ni sawa na saa 10 za kujifunza. Jumla ni saa 1,800. Mtumishi anayeweza kutenga saa 12 kwa wiki, yaani takribani saa mbili kila jioni isipokuwa siku moja, atahitaji wiki 150, ambazo ni karibu miaka mitatu bila kupumzika. Anayeahidiwa kumaliza mapema zaidi huku akiwa kazini afanye hesabu hiyo kwanza.

Jambo la pili hupuuzwa hadi siku ya kuwasilisha cheti. Upandaji wa vyeo serikalini hufuata muundo wa maendeleo ya utumishi wa kila kada, na muundo huo hutaja fani zinazokubalika. Shahada inayochanganya mazingira, uchumi na maendeleo ya jamii inaweza kumwongezea ofisa kilimo uwezo mkubwa kazini, lakini isihesabiwe katika kada yake. Busara ni kuipeleka orodha ya kozi kwa ofisa utumishi wa halmashauri kabla ya kulipa ada, kuomba jibu kwa maandishi, na kuhakikisha masomo hayo yameingizwa katika mpango wa mafunzo wa mwajiri. Jibu la mdomo halitamsaidia mtu iwapo ofisa aliyelitoa atahamishwa. Anayesoma chuo cha nje kwa mtandao athibitishe pia mapema kwamba TCU itaitambua tuzo hiyo.

Tasnifu ndiyo hatua inayowakwamisha wengi, na kwa mtumishi wa Rungwa ina faida na mtego. Faida ni kwamba data ipo mlangoni. Mtego ni sare. Askari wa uhifadhi akimuuliza mwanakijiji kuhusu nyama ya porini au mifugo iliyoingia hifadhini, anayeulizwa humwona mtu anayeweza kumkamata, na atajibu kwa kadiri hiyo. Majibu hayo yataujaza vizuri ubao wa takwimu lakini hayatakuwa na ukweli. Ni heri mahojiano yafanywe na msaidizi asiye mtumishi wa hifadhi, au mtafiti achague kijiji asichokifanyia kazi, na mpango huo aueleze kwa msimamizi wake tangu kwenye andiko la utafiti.

Kuchanganya fani huongeza pia vibali. Utafiti wa wanyamapori husimamiwa na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), na unaohusu afya ya binadamu huhitaji kibali cha maadili, ambacho kitaifa hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mada inayounganisha tembo na afya ya kaya inaweza kugusa milango yote miwili, mbali na barua ya chuo na ridhaa ya halmashauri. Miezi ya kusubiri vibali iwekwe kwenye ratiba tangu mwanzo.

Mitihani ya ana kwa ana hubaki kuwa safari ya kwenda Singida mjini, kupitia Itigi na Mkiwa. Ikiangukia kati ya Novemba na Aprili, msimu wa mvua, maombi ya ruhusa kwa mwajiri yahesabu pia siku za njiani.