Mshale Uliolala: Kuitibu Spidomita ya Gari la Zamani



Wapo miongoni mwetu hapa Uingereza wanaoyapenda magari ya zamani, nami ni mmoja wao. Ninalo Morris Minor la mwaka 1967, gari lililobuniwa na Alec Issigonis na kuanza kuuzwa mwaka 1948. Wazee wetu waliliona pia katika mitaa ya Mombasa na Dar es Salaam siku za ujana wao.

Jioni moja ya majira ya baridi, nikiwapeleka watoto madrasa, mshale wa spidomita uliinama hadi sifuri ukalala hapo. Nikajiambia kwamba macho na masikio yatanitosha. Wiki ile ile nikapita mbele ya ubao wa barabarani unaomwonyesha dereva mwendo wake. Nilidhani ninakwenda maili 30 kwa saa; ubao ukaniandikia 38. Na mtaa ule ndio wanaovukia watoto wetu.

Kwa mujibu wa kitabu cha kanuni za barabara cha hapa, gari liendalo maili 30 kwa saa huhitaji mita 23 ili lisimame. Likienda maili 40 huhitaji mita 36. Mita hizo 13 za ziada ni urefu wa magari matatu kama langu, na zaidi. Sheria nayo haina mzaha: gari lililoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 1937 au baadaye sharti liwe na spidomita inayofanya kazi. Tangu Mei 2018 magari mengi yaliyozidi umri wa miaka 40 yamesamehewa ukaguzi wa kila mwaka, lakini mwenye gari hakusamehewa wajibu wa kulitunza.

Nikaenda kwa fundi. Bila ya kutazama chini ya gari, akaniambia spidomita imekufa, ninunue nyingine. Nikanunua iliyokwisha tumika, tukaifunga, nayo ikalala vile vile kama mwenziwe. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye kebo, kitu cha bei ndogo kuliko spidomita. Ndiyo sababu ya kuandika makala haya: tuujue ugonjwa kwanza, ndipo tununue dawa.

Spidomita ya aina hii ilitokana na uvumbuzi wa Mjerumani Otto Schulze, wa mwaka 1902. Gurudumu dogo la meno katika giaboksi huizungusha kebo, yaani waya uliosokotwa unaozunguka ndani ya ala yake. Kebo hupanda hadi nyuma ya spidomita na kuzungusha sumaku. Sumaku hiyo haiugusi mshale. Huzunguka karibu na kikombe chepesi cha alumini, na nguvu zake hukivuta kikombe kiifuate, huku kamani nyembamba kama unywele ikikizuia. Gari likizidi mwendo, mshale huzidi kupanda. Tarakimu za maili huzungushwa na meno mengine madogo humo humo ndani.

Basi dalili husomwa hivi. Iwapo mshale na tarakimu za maili vyote vimesimama, shuku kebo kwanza, kisha gurudumu la meno la giaboksi. Iwapo kimoja chasimama na kingine chaenda, kebo ni nzima. Ubovu umo ndani ya spidomita. Iwapo mshale watetemeka, au wasikia mlio wa kukwaruza, aghalabu kebo imekauka au imepindwa mno. Na mshale ukionyesha mwendo mkubwa kupita kiasi, huenda grisi imepanda hadi ndani na kukigandisha kikombe.

Ili kupata yakini, tenganisha betri, kisha fungua kebo nyuma ya spidomita. Chukua kipande cha waya wa kebo kinachoingia barabara kwenye tundu la spidomita, ukizungushe kwa vidole. Mshale ukirukaruka, spidomita i hai. Usiporuka, jaribu upande wa pili kabla ya kukata tamaa. Kisha uvute waya wa ndani kutoka katika ala: ukitoka nusu, umekatika. Ukitoka mzima, uviringishe juu ya meza iliyo sawa. Ukirukaruka, umepinda na haufai tena.

Kebo mpya ipakwe grisi kidogo tu. Kisha uvute waya inchi 8 upande wa spidomita na kuifuta grisi iliyozidi, isije ikapanda. Upande huo waya utokeze nje ya ala kiasi cha milimita 10. Usiipinde kebo kwa kona iliyo chini ya inchi 6. Na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi imara.

Ikibidi kubadilisha spidomita yenyewe, tia alama kila waya, maana ile ya Minor 1000 hubeba pia geji ya petroli. Tazama vilevile namba ndogo iliyoandikwa usoni pake: hiyo ni mizunguko ya kebo kwa kila maili moja. Spidomita yenye namba isiyolingana na gari lako itakudanganya kila siku. Ili kuhakikisha, fungua kebo juu, bandika kikaratasi kwenye ncha ya waya, weka gia huru, na lisukume gari mbele hadi magurudumu ya nyuma yazunguke mara 6. Mwanangu ndiye aliyehesabu mizunguko ya kikaratasi. Zidisha hesabu hiyo kwa 1680, kisha gawanya kwa inchi zilizopo toka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ardhini. Mathalan, mizunguko 10 na inchi 11.5 hutoa 1461. Tofauti isiyozidi 25 na namba ya usoni haina neno.

Limebaki jambo moja, nalo ni la amana. Spidomita uliyoinunua huja na maili za gari la mwingine. Kabla ya kuifungua ile ya zamani, andika maili zake na tarehe katika daftari la gari, kisha uandike na zile za mpya. Siku ya kuliuza, mwonyeshe mnunuzi daftari hilo kabla hajauliza. Anayenyamaza ili gari lionekane changa ameuza uongo pamoja na gari.

Mshale wangu sasa wanyanyuka. Nikipita mbele ya ubao ule, tunakubaliana.