Usimwite Dada Yake

Kaka yangu ni kiziwi, nami kazi yangu ni ukalimani wa lugha ya ishara, na bado akienda hospitali simfasirii. Akiwa na kesi ya shamba, simfasirii. Nitamsindikiza, nitamngoja nje kwenye benchi, nitamlipia dawa akipungukiwa, lakini kwa daktari ataingia na mwenzangu ambaye hata jina la mama yetu halijui. Mama alilichukia jambo hili kwa muda mrefu. "Si wewe ndiye uliyesomea?" aliniuliza. Ndiyo, mama, na hicho nilichosomea ndicho kinachonizuia mlangoni.

Kaka ni mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Ana haki ya kuugua ugonjwa nisioujua. Ana haki ya kumweleza daktari anakunywa kiasi gani na analala na nani, bila dada yake kuwa ndiye anayeyatamka. Mtu anayesikia huipata faragha hiyo bila kuiomba: mlango hufungwa, akasema lake. Kiziwi akifasiriwa na nduguye, ukoo mzima umeingia naye chumbani.

Nayasema haya kwa sababu huku Pwani, iwe hospitalini, kituo cha polisi au kwenye baraza la chifu, kiziwi anapofika swali la kwanza bado ni lile lile: "Hakuna mtu wa kwao?" Anayeuliza hana nia mbaya. Anaona foleni ni ndefu na mtu wa kwao yuko hapo hapo, kesha kuja naye. Lakini nimeona yanayotokea baadaye. Katika kliniki moja ya wajawazito, nikiwa nimekuja kwa ajili ya mgonjwa mwingine, muuguzi alimweleza msichana kiziwi kuhusu kipimo cha virusi vya UKIMWI: kwa nini kinafanywa, majibu yakiwa hivi itakuwaje, yakiwa vile itakuwaje, na kwamba anaweza kukataa. Alizungumza kwa dakika kadhaa na alieleza vizuri. Mavyaa wa yule msichana aligeuka akafanya ishara tatu: sindano, mtoto, sawa. Msichana akatikisa kichwa. "Amekubali," akasema mavyaa.

Hapo kwenye kutikisa kichwa ndipo watu wanaosikia wanapopotea. Mtoto kiziwi aliyekulia katika nyumba ya watu wanaosikia hujifunza mapema kwamba akitikisa kichwa, watu hutabasamu na kumwacha. Kwake ile ishara inasema "nakuona unazungumza", basi. Nilimwomba muuguzi ruhusa, kisha nikamuuliza msichana mwenyewe kama angetaka nimfasirie. Alitaka. Mavyaa alitoka, tena bila kinyongo. Maswali aliyouliza msichana sitayaandika, maana ni siri yake na si yangu. Naweza kusema tu kwamba yalikuwa mengi.

Katiba yetu ya 2010 iliandika mambo ambayo nchi nyingi hazijayaandika. Kifungu cha 120 kinaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Kifungu cha 7 kinaiagiza serikali iikuze. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila kulipa. Lakini vifungu hivyo havisemi mkalimani huyo awe amesomea nini. Karani mwenye haraka anaweza kumwita binamu kutoka viti vya nyuma, akaapishwa, na kesi ikaendelea.

Sasa tazama swali moja tu la mahakamani: "Ulimpiga?" Katika Kiswahili swali hilo halisemi kama kilichotumika ni kofi, ngumi au rungu. Mikononi mambo ni mengine, kwani mara nyingi umbo la mkono ndilo linaloonyesha kipigo chenyewe. Kiganja kikiwa wazi ni kofi, kikifumbwa ni ngumi, mkono ukishika kitu ni fimbo. Na mkono huo huelekea mahali, usoni au mgongoni. Nikichagua ngumi, nimemwambia mshtakiwa jambo ambalo mwendesha mashtaka hakulisema. Akijibu kwamba hakurusha ngumi, jalada litaandikwa "hakumpiga", na kesho shahidi akitaja fimbo mtu huyu ataonekana mwongo. Kwa hiyo nainua mkono: "Mheshimiwa, mkalimani anaomba upande wa mashtaka ueleze ni kupiga kwa namna gani." Nasema "mkalimani" kwa sababu "mimi" yote inayotoka kinywani mwangu mahakamani ni ya kiziwi. Akisema sikuiba, nasema "sikuiba". Sisemi "anadai hakuiba". Wapo mawakili wanaoudhika kusimamishwa hivyo. Binamu asingewasimamisha. Angerusha ngumi hewani, maana ndivyo alivyosikia kijijini kwamba ilikuwa.

Kuna kesi ambazo hata mimi peke yangu sizitoshi. Mtu ametoka ndani kabisa ya Kwale au Ganze, hakuwahi kusoma, hakuwahi kukaa na viziwi wenzake, na ishara alizonazo ni zile za nyumbani: kula, mbuzi, baba, lala, kisima. Hapo huitwa mkalimani wa pili ambaye mwenyewe ni kiziwi. Hakimu akisema, naonyesha kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, kisha mwenzangu kiziwi anaivunja kauli ile na kuijenga upya kwa kuigiza, kwa kuchora na kwa vitu vilivyomo chumbani. Kifungu cha 49 kinataka anayekamatwa aelezwe kwamba ana haki ya kunyamaza. Utamwelezaje haki ya kunyamaza mtu ambaye hajawahi kuzungumza? Nimemtazama mwenzangu akilifanya hilo. Aligeuka polisi, akauliza. Akageuka mshtakiwa, akajibu, na polisi akaandika. Karatasi ikabebwa hadi mezani kwa hakimu, hakimu akaisoma. Akarudia tangu mwanzo, polisi akauliza, safari hii mshtakiwa akakunja mikono. Polisi hakuandika kitu, hakumpiga, hakumfunga pingu kwa sababu hiyo. Kisha mwenzangu akamuuliza yule mtu: wewe wataka ipi? Kazi hiyo ilichukua muda, na mahakama ilingoja. Jamaa wa nyumbani, kwa mapenzi yake yote, angemwashiria "nyamaza" kwa kidole mdomoni, na yule mtu angeelewa kwamba anaamrishwa.

Ukalimani huu ulianzia kwa ndugu, hilo silikatai. Kote duniani waliofasiri mwanzo walikuwa watoto wa viziwi, walimu na wachungaji, kwa hisani yao. Mkutano wa walimu uliofanyika Milan mwaka 1880 ulikuwa umeamua viziwi wafundishwe kwa mdomo, na kwa miongo mingi mikono ikafukuzwa madarasani. Desturi hiyo ilifika na huku, katika shule zetu za kwanza za viziwi, Mumias na Nyang'oma. Kaka yangu, aliyesoma shule nyingine baadaye, anakumbuka rula kwenye vidole. Mwaka 1960 William Stokoe, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, Washington, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ishara za Wamarekani ni lugha kamili yenye sarufi yake. Miaka minne baadaye wakalimani wa Marekani waliunda chama chao cha kwanza cha kitaifa. Kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya mwaka 1991, na hapo wakalimani wengi wa rika langu tunapata asili ya tunachokijua. Uganda, Chuo Kikuu cha Kyambogo hutoa diploma ya fani hii. Tanzania wanaiita lugha ya alama, nayo ni lugha nyingine. Mkalimani wa Tanga akivuka mpaka pale Horohoro hawezi kusimama mahakamani Kwale siku hiyo hiyo akafasiri.

Anayetaka kuisomea na ajiandae kunyamaza. Mwalimu bora wa ishara ni kiziwi, na darasani kwake sauti huachwa nje. Mwanafunzi hujifunza kwanza uso, jambo linalowashangaza waliolelewa kutokunja uso mbele za watu. Nyusi zikipanda, ni swali la ndiyo au siyo. Zikikunjwa, ni swali la nani, wapi, kwa nini. Anayefasiri kwa uso mtulivu wa heshima hajauliza kitu. Baadaye hujifunza kuchelewa: kuiacha sentensi ya msemaji itangulie mpaka maana yake ionekane, mikono ikiwa bado inamalizia ile iliyopita. Akili huchoka kwa kazi hiyo upesi sana, na mchovu huanza kukosea kabla hajajijua. Ndiyo maana kikao kirefu huhitaji wakalimani wawili, wakipokezana kila baada ya dakika 15 au 20, aliyepumzika akimlinda mwenzake.

Waandaaji wa mikutano hawataki kusikia habari ya wawili. Hata huyo mmoja huambiwa kwamba atapewa nauli na chakula cha mchana, na msamiati wa mkutano ataukuta huko huko. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliviagiza vituo vya televisheni viweke mkalimani au maandishi kwenye taarifa ya habari, na tangu hapo watu wengi wanatujua kwa kile kisanduku cha kona ya skrini. Nakifurahia. Ila kiziwi anayetazama habari jioni ndiye huyo huyo atakayeamka na mtoto mwenye homa, na zahanati ya karibu naye haina mkalimani wala fedha za kumlipa. Kaunti zinaajiri madereva, walinzi na makarani. Naamini kabisa kwamba kila hospitali ya kaunti inaweza kuajiri wakalimani wawili wa kudumu, na sitaacha kulisema.

Kwa wewe muuguzi, sajini au karani utakayempokea kiziwi kesho: mtazame yeye, zungumza naye, mwache mkalimani asimame kando yako ili macho ya kiziwi yawaone nyote wawili. Usiseme "mwambie". Na kabla ya yote muulize yeye anataka nani amfasirie. Mshtakiwa mmoja alinikataa kwa sababu namfahamu mkewe. Nilitoka. Hakimu akaandika kwenye jalada kwamba mshtakiwa ameomba mkalimani mwingine na mahakama imekubali, akaisogeza kesi mbele, na siku ilipofika akaja mwenzangu kutoka Kilifi.