Walimu wao walifariki miaka 600 iliyopita

HEBU kisia, mpenzi msomaji: upanga wa mikono miwili uliotumiwa na wapiganaji wa Ulaya yapata miaka 600 iliyopita ulikuwa na uzani gani? Kilo kumi? Kumi na tano? Ikiwa umelelewa kwa filamu kama sisi wengine, bila shaka umemwona shujaa akiuinua kwa taabu, mfano wa mtu anayepasua gogo kwa shoka butu. Ukweli ni kwamba nyingi ya panga hizo zilikuwa na uzani wa kati ya kilo moja na kilo moja na nusu. Pakiti ya unga ya kilo mbili iliyoko jikoni mwako imezishinda.

Nimeanza na uzani kwa kuwa hilo ndilo jambo la kwanza linalowashangaza wanaoingia katika uraibu huu. Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, jioni baada ya kazi, utamkuta karani, muuguzi na mwanafunzi wa chuo wamekutana katika ukumbi wa mazoezi, kila mmoja na upanga wake, wakijifunza kupigana kama walivyopigana watu wa karne za kati. Usiuchanganye na mchezo wa vitara unaouona katika Olimpiki, ambapo nyaya za umeme huhesabu alama. Hawa wanatafuta kitu kilichopotea.

Utauliza, nani anawafundisha? Hapo ndipo penye kisa chenyewe. Ukienda kujifunza karate, mwalimu wako alifundishwa na mwalimu, naye huyo vivyo hivyo. Hata kirumbizi cha Lamu, kijana hukijua kwa kumtazama mzee akizungusha fimbo uwanjani. Huko Ulaya mnyororo huo ulikatika. Bunduki zilipoenea, na upanga mwembamba wa kuchoma ulipokuwa ndio fasheni ya mabwana wa mjini, upanga wa mikono miwili ulitundikwa ukutani na waliokuwa wakiujua wakaenda na ujuzi wao kaburini. Kilichobaki ni vitabu.

Na vitabu vyenyewe si haba! Kile kikongwe zaidi kinachojulikana kiliandikwa Ujerumani karibu na mwaka 1300. Ndani yake kasisi anamfundisha mwanafunzi kutumia upanga wa mkono mmoja pamoja na ngao ndogo ya mviringo, mfano wa kifuniko cha sufuria. Naam, kasisi! Maelezo ni ya Kilatini na picha zimetiwa rangi. Katika kurasa za mwisho nafasi ya mwanafunzi inachukuliwa na mwanamke aitwaye Walpurgis, naye anapigana bila ya mchoraji kuonyesha kwamba ameona ajabu yoyote. Kitabu hicho kilitoweka kutoka mji wa Gotha wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kikazuka mnadani jijini London mwaka 1950, kikanunuliwa na makavazi ya silaha za kifalme ya Uingereza. Leo kimehifadhiwa Leeds.

Kuna pia Fiore dei Liberi, bwana wa Kiitaliano aliyeandika kitabu chake mwanzoni mwa karne ya 15. Huyu anasimulia kwamba mara tano alilazimika kupigana kwa upanga mkali na walimu wenzake waliokasirika kwa sababu alikataa kuwafunulia siri zake. Alitoka salama mara zote tano, la sivyo tusingekuwa na kitabu. Ukifungua ukurasa wake mmoja mashuhuri utadhani umeingia mbuga ya wanyama: mtu amesimama katikati, amezungukwa na wanyama wanne. Simba ni ushujaa, chui-milia ni wepesi, paka-mwitu aitwaye linksi ni jicho linalopima umbali, na tembo, aliyebeba ngome mgongoni, ni kusimama imara bila kuyumba. (Mchoraji, kwa jinsi alivyomchora tembo huyo, ni dhahiri hakuwahi kufika Tsavo.)

Lakini kusoma si kujua. Johannes Liechtenauer, bwana wa Kijerumani wa karne ya 14, alitunga mafunzo yake kwa mashairi, tena ya mafumbo, kusudi asiyehusika asiambulie kitu. Anataja "pigo la hasira". Je, ni pigo gani hilo? Ni walimu waliokuja baadaye walioandika fasiri: ni pigo la mshazari linaloanzia begani, kama apigavyo mtu yeyote aliyepandwa na hasira. Hata hivyo mguu upi unatangulia, na kiwiko kikae wapi, ni juu yako kugundua.

Kwa hiyo mazoezi huwa hivi. Mmoja anasoma mstari, wawili wanaujaribu polepole, kisha wanavaa kinga na kuujaribu kwa kasi. Ukishindwa mara kumi, ama mwandishi amekosea ama wewe hukumwelewa. Mara nyingi ni wewe. Vikundi viwili vinaweza kusoma mstari mmoja na kuuelewa kwa namna mbili, na ubishi wao hauishi mpaka panga zigongane.

Hapa ndipo unapoona kitu kisichoonekana katika filamu. Jaribio zima hutegemea ukweli wa wanaojaribu. Hakuna waya wa umeme wa kukusema. Upanga ukikugusa begani, chini ya jaketi nene, huenda wewe peke yako ndiye uliyesikia. Ukinyamaza, mwenzako ataamini kwamba mbinu yake ni mbovu ilhali ni nzuri, na wote wawili mtaondoka na uongo. Ndiyo maana katika vikundi vingi aliyepigwa huinua mkono mwenyewe na kusema amepigwa. Si rahisi, hasa umri ukiwa miaka kumi na tisa na marafiki wakitazama.

Kwa mzazi anayesoma haya huku amekunja uso: panga za mazoezi ni butu, zinapinda zinapochoma, na ncha yake imekunjwa au kuvikwa kifuniko. Mpiganaji huvaa kinyago cha wavu wa chuma, kinga ya koo, jaketi lililojazwa pamba na glavu nzito. Hata hivyo vidole huumia, tena kuliko viungo vingine vingi, kwani ndivyo vilivyo mbele kabisa. Kikundi kinachomruhusu mgeni kupigana kwa kasi bila kinyago ni cha kukimbiwa.

Wapo wengine ambao hawapendi ushindani bali tamthilia ya vita. Mji wa Battle, kusini mwa Uingereza, huigiza mapigano ya Hastings ya Oktoba 14, 1066. Kule Poland, mwezi Julai, maelfu hufika kutazama vita vya Grunwald vya 1410. Chama cha Sealed Knot, kilichoanzishwa mwaka 1968, huigiza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Waingereza vya karne ya 17, kwa mikuki mirefu na gobori zinazopakiwa baruti pasipo risasi. Familia nzima hupiga kambi. Mama anashona kanzu kwa mkono, baba anachochea moto, na wenye msimamo mkali watakukaripia ukitia viazi ama nyanya katika chungu cha mwaka 1066, kwa kuwa mimea hiyo ilitoka bara la Amerika, ambako Columbus alifika 1492. Chai nayo usahau.

Tatizo lao kubwa ni vifo. Mshindi anajulikana tangu zamani na hakuna ruhusa ya kuishinda historia, lakini kila mtu amesafiri mbali, ametoa pesa zake kununua deraya, na hataki kulala chini katika dakika ya tano. Ikifika hapo kiongozi hulazimika kupita safuni akiomba watu wafe. Wazoefu hawasubiri kuombwa: huchagua mapema mahali penye nyasi laini na kivuli, wakaanguka hapo kwa kishindo, wakatazama vita vilivyosalia kwa jicho moja.